Joto chini ya mgodi: uongeze hewa, upoze hewa, uondoe dizeli au upange upya kazi?

Kikao cha kupanga uzalishaji wa mgodi wa chini ya ardhi huwa na watu wawili wasioelewana upesi. Mmoja ana jedwali la tani: ngazi hii (yaani kina hiki cha mahandaki ya kuchimbia) ifunguliwe mwezi wa pili, ile imalizwe mwezi wa tatu, loda mbili, zile mashine za kuzoa mawe, zihamie upande wa kusini. Mwingine ana kipimajoto, na anasema jambo moja tu: ngazi hiyo ikifunguliwa kabla shimo la kutolea hewa halijatobolewa, hakuna atakayeweza kufanya kazi ya maana mle ndani. Mara nyingi mwenye tani hushinda kikaoni, kisha joto humshinda huko chini. Zamu inavunjwa katikati, mchorongaji, yaani mtoboa mwamba, anabebwa, na tani zilizoandikwa hazitoki.

Mkishakubali kwamba joto liingizwe kwenye mpango kama zinavyoingizwa tani, mnabaki na njia kubwa nne: kuongeza hewa, kupoza hewa, kuondoa dizeli, au kupanga upya kazi zenyewe, yaani mfuatano wa uchimbaji na saa za watu. Kila njia ina wauzaji wake na mashabiki wake. Zote zinafanya kazi, na zote zina kina au hali ambapo zinagonga mwamba.

## Kwanza ujue joto lako linatoka wapi

Hatua hii hurukwa na wengi, kisha wakanunua dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Vyanzo vikubwa ni vinne, na uzito wa kila kimoja hutofautiana mgodi hadi mgodi.

Cha kwanza ni hewa yenyewe. Inaposhuka kwenye shafti, yaani shimo kuu la wima la mgodi, hugandamizwa na uzito wake, na hewa kavu hupanda karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Joto la utambi mbichi, yaani lile linalosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, hupanda karibu nyuzi 4 kwa kina hicho hicho. Hili la utambi ndilo la kulitazama, kwa sababu mwili hujipoza kwa jasho, na jasho lisilokauka halimsaidii mtu. Kama juu utambi unasoma 20, hewa ikifika mita 2,000 tayari iko 28 kabla haijapita kwenye mashine hata moja.

Cha pili ni mwamba. Sehemu nyingi za dunia joto la mwamba huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kwenda chini. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ongezeko ni la polepole zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowezesha migodi ya huko kushuka sana. Hata hivyo Mponeng, mgodi unaokaribia kina cha kilomita 4, mwamba wake umepita nyuzi 60. Mwamba uliofunguliwa leo hutoa joto kwa wingi siku za mwanzo, kisha hupungua kadiri uso wake unavyopoa, kwa hiyo ukifungua haraka unaongeza joto haraka. Halafu kuna mawe yaliyolipuliwa. Tani moja ikipoa kwa nyuzi 20 kabla haijatolewa nje, inaacha ndani takriban kilowati-saa 5. Mgodi unaotoa tani 2,000 kwa siku unaachiwa kilowati-saa 10,000, sawa na hita ya kilowati 400 na ushei iliyowashwa usiku na mchana. Mpangaji anayeongeza tani anaongeza ukubwa wa hita hiyo, hata kama hajaiandika popote.

Cha tatu ni mashine. Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi, na mwishowe karibu yote huishia kuwa joto ndani ya handaki. Loda inayotoa nguvu ya kilowati 125 kwa wastani humwaga kama kilowati 375 za joto, pamoja na mvuke wa maji unaotoka na moshi, na mvuke huo hupandisha utambi. Cha nne ni maji: yale ya moto yanayochuruzika kwenye nyufa, na yale ya kawaida yaliyoachwa yatuame kwenye sakafu.

Ukiyapima haya manne utajua ni lipi kubwa. Njiani utakutana na mambo ya bei rahisi ambayo hayahitaji ulinganisho wowote: funika mitaro ya maji ya moto, zima mashine iliyosimama, vika mabomba ya maji baridi kinga ya joto. Yafanye tu.

## Vigezo

Maswali ni matano kwa kila njia. Inapunguza joto lipi, na inakwama wapi? Inazifanya nini tani? Inagharimu nini na inaanza kufanya kazi lini? Ikiharibika, mtu aliye chini anabaki na muda gani? Inamfaa nani? Swali la nne huwa halimo kwenye mawasilisho ya wauzaji, kwa hiyo liulize mwenyewe.

Kabla ya hapo, kubalianeni namba ya usalama, maana bila hiyo kila mtu atasema pake kuna ubaridi wa kutosha. Afrika Kusini, utaratibu wa kuwalinda wafanyakazi dhidi ya joto huanza utambi mbichi unapofika 27.5, na kazi za kawaida hazifanyiki ukivuka 32.5. Wengine hutumia kipimo cha WBGT, ambacho pasipo na jua huchukua asilimia 70 ya utambi mbichi na asilimia 30 ya joto la tufe jeusi, yaani kipimajoto kilicho ndani ya mpira mweusi unaopokea joto la vitu vilivyo karibu. Australia imeendeleza kipimo cha TWL, kinachotazama ni wati ngapi kwa kila mita ya mraba ya ngozi ambazo mwili unaweza kuzitoa pale ulipo. Kikizidi 220 mtu mwenye afya anajipangia kasi yake mwenyewe; kikishuka chini ya 115 watu wanaondolewa. TWL ina faida moja kubwa, nayo ni kuhesabu kasi ya upepo. WBGT ina vifaa rahisi na majedwali yanayojulikana. Chukueni kimoja, na msikibadilishe katikati ya mwaka kwa sababu matokeo hayakupendeza.

## Njia ya kwanza: kuongeza hewa

Inachofanya na inapokwama. Hewa nyingi hugawa joto lile lile kwa ujazo mkubwa zaidi, na inapopita mwilini kwa kasi hukausha jasho. Tuseme mita za ujazo 100 kwa sekunde zinaingia zikiwa na utambi wa 25, na mmekubaliana zisivuke 28. Nafasi hiyo ya nyuzi 3 inabeba takriban megawati 1.5 za joto, na hiyo ndiyo bajeti yenu. Loda moja na malori mawili ya dizeli yakifanya kazi kwelikweli yanaweza kula megawati moja na zaidi. Kinachobaki ndicho cha mwamba na maji. Sasa mgodi ushuke, hewa ile ile iingie ikiwa na 27. Bajeti imebaki kama theluthi moja. Mkizidi kushuka, hewa itafika chini ikiwa imeshavuka kikomo, na kuongeza feni hapo ni kuleta hewa ya moto kwa wingi zaidi. Kasi ya upepo nayo ina mwisho wake: ikivuka mita 2 hivi kwa sekunde mwili haupati nafuu kubwa ya ziada, na kwenye njia za magari upepo mkali mno huinua vumbi.

Kwa tani. Hewa zaidi inaruhusu kufungua sehemu nyingi kwa pamoja, na inapunguza moshi wa dizeli hapo hapo. Mkoa wa Ontario, Kanada, hudai mita za ujazo 0.06 kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini ya dizeli, na kanuni za nchi nyingine hazitofautiani sana na hiyo. Kwa mgodi wa dizeli, basi, hewa ndiyo inayoamua idadi ya mashine, na idadi ya mashine ndiyo inayoamua tani.

Gharama na muda. Ukitaka hewa mara mbili kupitia mahandaki yale yale, umeme wa feni unapanda mara nane. Ndiyo maana fedha ya maana huenda kwenye kupanua njia, yaani kutoboa shimo jipya la hewa, kazi ya miezi mingi au zaidi ya mwaka. Feni ndogo na mabomba ya turubai huanza wiki hii hii.

Lakini tembea kwanza na hilo bomba la turubai kuanzia kwenye feni. Kwenye kona, loda imelikwaruza na mpasuko umeshonwa kwa waya. Mbele kidogo kiungo kimeachia; weka mkono, utahisi upepo unatoka pembeni. Vipande vya mwisho havijaunganishwa kwa sababu mlipuko wa jana ulivichana na zamu ya usiku haikuwa na vingine. Mchorongaji aliye mwisho wa handaki anaweza kuwa anapata nusu tu ya hewa iliyoandikwa kwenye mpango. Ombi la feni kubwa linalopelekwa kabla ya matembezi hayo ni ombi la kuvujisha zaidi.

Ikiharibika. Feni kuu ikizimika watu hutolewa kwa sababu ya gesi hata kabla ya joto. Dizeli nazo zinazimwa, kwa hiyo chanzo kimoja kikubwa cha joto kinakoma papo hapo, na mgodi usio na kina kirefu huwa bado na mkondo wa hewa wa asili.

Inamfaa nani. Migodi ya kina kifupi na cha kati, na ile ambayo chanzo chake kikubwa ni mashine. Inawafaa pia wenye shimo la zamani linaloweza kusafishwa na kutumika kama njia ya hewa. Huo ni mtaji uliolala.

## Njia ya pili: kupoza hewa

Inachofanya na inapokwama. Hii ni friji ya ukubwa wa jengo. Si jambo jipya: mgodi wa Morro Velho nchini Brazil ulikuwa na mtambo wa namna hii miaka ya 1920. Swali la leo ni uuweke wapi. Ukiwa juu, kuujenga na kuutunza ni rahisi, lakini hewa ya baridi huongezeka joto inaposhuka na nyingine huishia mahali pasipo na watu. Ukiwa chini, baridi iko karibu na kazi, ila joto lililokamatwa lazima litupwe kwenye hewa inayotoka, na hewa hiyo ina kikomo cha kubeba. Njia ya tatu ni kupeleka maji baridi chini na kuyapitisha kwenye vipozaji vidogo karibu na kazi. Tatizo lake ni kwamba kila lita iliyoshuka lazima ipampiwe kurudi juu.

Hapo ndipo barafu inapoingia. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334; kilo moja ya maji ikipanda kutoka nyuzi 5 hadi 20 hunyonya 63 tu. Kwa baridi ile ile, barafu inapunguza mno maji ya kurudisha. Mponeng huteremsha uji wa barafu na kushikilia sehemu za kazi chini ya nyuzi 30 ilhali mwamba unaozizunguka ni wa moto mara mbili ya hapo.

Kwa tani. Inafungua kina ambacho bila hiyo kisingechimbika kabisa. Haipunguzi moshi, kwa hiyo hesabu ya dizeli inabaki pale pale.

Gharama na muda. Ni mtaji mkubwa, na muda wake wa kusanifu na kujenga huhesabiwa kwa miaka. Kilowati moja ya umeme hutoa takriban kilowati 3 hadi 6 za baridi, jambo linalopendeza mpaka ukumbuke pampu. Kuna mitambo midogo ya kukodi inayofungwa haraka kwa msimu wa joto kali, na kwa mgodi uliobakiza miaka michache naona hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza.

Ikiharibika. Hapa panahitaji kutafakari. Mgodi wenye mwamba wa nyuzi 60 unategemea mtambo kama mgonjwa anavyotegemea oksijeni. Umeme ukikatika, mwamba hausubiri. Lazima ijulikane watu watatolewa kwa winchi ipi, kwa umeme wa jenereta ipi, na wangapi kwa mkupuo mmoja. Kama jibu la swali hilo ni refu kuliko muda ambao sehemu ya kazi inabaki salama, kinachopungua ni idadi ya watu wanaoruhusiwa kushuka, na hiyo nayo ni namba ya uzalishaji.

Inamfaa nani. Migodi ya kina kirefu yenye akiba ya miaka mingi ya mbale (mawe yenye madini) na umeme wa kutegemewa, pamoja na ile ya kina cha kati ambayo hewa ya juu ni ya moto na yenye unyevu kwa miezi kadhaa.

## Njia ya tatu: kuondoa dizeli

Inachofanya na inapokwama. Mashine ya umeme, iwe ya betri au ya waya, hutoa takriban theluthi moja ya joto la mashine ya dizeli inayofanya kazi ile ile. Haitoi moshi wala mvuke wake. Lori la betri likiteremka na mzigo hurudisha hata sehemu ya umeme kwenye betri badala ya kuunguza breki. Mgodi wa Borden, Ontario, uliofunguliwa mwaka 2019, ulisanifiwa tangu mwanzo kwa magari ya betri.

Inakwama pale chanzo kinapokuwa kingine. Haigusi joto la hewa inayoshuka wala joto la mwamba. Na kuna mtego: mashine zikishabadilishwa, mtu wa fedha huona hewa iliyokuwa ya dizeli haihitajiki tena, akataka feni zipunguzwe. Gesi za baruti bado zipo, mwamba bado ni wa moto. Hewa ihesabiwe upya kwa joto, na jibu linaweza kuwa kwamba haipunguki sana.

Kwa tani. Betri zinabadilishwa au kuchajiwa ndani ya zamu, kwa hiyo ratiba ya mashine huandikwa upya. Chumba cha kuchajia kiwe karibu na kazi, na hewa yake ielekezwe kwenye njia ya kutokea, maana kuchaji nako kunatoa joto. Loda ya waya haina shida ya betri, lakini haiwezi kwenda mbali kuliko waya wake.

Gharama na muda. Mashine ni ghali kuliko za dizeli, na zinahitaji nyaya, transfoma na mafundi wa aina nyingine. Uzuri ni kwamba unaweza kuanza na loda moja inayofanya kazi mahali pabaya kuliko pote, ukapima utambi kabla na baada, kisha ukaamua. Mtambo wa kupoza haukupi nafasi ya kujaribu kidogo kidogo namna hiyo.

Ikiharibika. Mashine yenyewe ikizima, joto linapungua. Hatari kubwa ni moto wa betri za lithiamu: ni mgumu kuzima, hutoa gesi zenye sumu, na unaweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa umekwisha. Vyumba vya kujiokolea na taratibu za zimamoto vibadilishwe kabla mashine ya kwanza haijateremka.

Inamfaa nani. Migodi mipya iliyo bado kwenye michoro, ambayo inaweza kuchora njia ndogo za hewa tangu mwanzo. Pia migodi ya kina cha kati iliyokwisha tumia hewa yote iliyonayo na haina pa kutoboa shimo jingine.

## Njia ya nne: kupanga upya kazi

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu njia hii hudharauliwa kwa kutonunuliwa dukani.

Inachofanya na inapokwama. Ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni mfuatano wa uchimbaji. Sehemu mbili za kazi zisiwekwe kwenye mkondo mmoja wa hewa, maana ya pili inapokea joto la ya kwanza. Zikiwa hazina budi, basi zipishane zamu. Shimo la hewa litangulie, ngazi ifuate. Maeneo ya moto sana yapangiwe miezi ya baridi, na ya karibu na hewa safi yaachiwe miezi ya joto. Kulipua kufanywe mwishoni mwa zamu ili joto na gesi vitoke mgodi ukiwa mtupu, na pale kwenye loda za kuongozwa kwa mbali, zipakie muda huo huo dereva akiwa juu. Mpango wa kompyuta unaotafuta faida kubwa hautafanya haya wenyewe. Utafungua sehemu zote tajiri kwa mpigo mmoja, zote zikiwa kwenye kona moja ya mgodi, kwa sababu hakuna aliyeuambia kwamba kona hiyo ina bajeti ya megawati moja na nusu. Mpe mpangaji namba hiyo kwa kila eneo, aiweke kama anavyoweka uwezo wa malori.

Nusu ya pili ni saa za watu. Mwongozo wa ACGIH, jumuiya ya wataalamu wa afya kazini ya Marekani, unasema mtu aliyezoea joto, anayefanya kazi ya kati, anaweza kuendelea karibu saa nzima WBGT ikiwa hadi 28. Ikiwa 29, afanye kazi kati ya nusu na robo tatu ya kila saa. Ikiwa 30, kati ya robo na nusu. Asiyezoea, mipaka yake iko chini zaidi. Mgeni kazini huanza na asilimia 20 ya muda siku ya kwanza, akiongezewa 20 kila siku. Mazoea hayo huanza kuyeyuka mtu akikaa nje ya joto wiki moja hivi, kwa hiyo anayerudi kutoka likizo au ugonjwa apandishwe upya kwa hatua, hata awe na miaka mingapi mgodini. Maji yawe ya baridi, glasi moja kila dakika 15 hadi 20, yakiwa pale pale kazini. Pipa lililo umbali wa dakika kumi kwa miguu ni la kupigia picha tu.

Inakwama pale joto linapovuka kikomo. Hakuna ratiba ya mapumziko inayofanya utambi wa 33 uwe mahali pa kazi.

Kwa tani. Zinapungua, na ni bora kusema wazi. Zamu ya saa 10 kwenye WBGT ya 30 inatoa saa 5 za kazi, pengine chini ya hapo. Lakini tani hizo zilikuwa zinapotea tangu zamani. Tofauti ni kwamba sasa zinaonekana kwenye mpango wa mwezi na watu hawaanguki ili zionekane.

Gharama na muda. Inaanza kesho. Gharama yake iko kwenye tani na kwenye nidhamu.

Ikiharibika. Inaharibika kimya kimya. Feni ikizima kila mtu anasikia, mtambo wa kupoza ukizima taa inawaka, lakini mapumziko yakirukwa hakuna kengele. Yanarukwa mwisho wa mwezi, tani zikiwa hazijatimia, na anayeyaruka ni mchimbaji mwenyewe kwa sababu bonasi yake inahesabiwa kwa tani au kwa mita zilizochimbwa. Ukiweka ratiba ya mapumziko huku ukiacha bonasi ilivyo, umeweka ratiba ya ukutani. Kwa maoni yangu hili ni la kurekebishwa kabla ya jingine lolote kwenye njia hii: muda wa mapumziko uliopangwa ulipwe kama muda wa kazi, na mkuu wa zamu anayesimamisha kazi kwa sababu ya kipimo asipunguziwe chochote.

Inamfaa nani. Kila mgodi kama hatua ya mwanzo, na migodi midogo ya kazi za mikono kama nguzo kuu, maana huko mitambo mikubwa haiko mezani. Inawafaa pia wanaosubiri shimo la hewa au mtambo ukamilike.

## Na kabini zenye kiyoyozi je? Fulana za barafu?

Ni msaada mzuri na si njia ya tano. Fulana ya barafu hukaa muda mfupi kisha inakuwa mzigo. Inafaa kwa kikosi cha uokoaji au fundi anayeingia mara moja kutengeneza. Kabini ina kasoro moja isiyotajwa: dereva anayekaa zamu nzima kwenye ubaridi mwili wake hauzoei joto kamwe. Mashine ikimfia mwisho wa rampu, anashuka kwenye utambi wa 31 kama mgeni wa siku ya kwanza, tena akiwa peke yake na haraka ya kuitengeneza. Mwekeeni redio, maji, na amri ya kusubiri fundi.

## Kwa hali yako

Mgodi wa mita mia kadhaa, dizeli nyingi, joto linapanda pale tu mashine zote zinapofanya kazi: ziba mivujo ya turubai, kisha linganisha gharama ya shimo la hewa na ya loda mbili za umeme. Kama shimo lina njia fupi ya kufika juu, mara nyingi hewa itakuwa nafuu. Kama juu kuna makazi au mwamba mbovu, elekea umeme.

Hewa inafika chini tayari ikiwa karibu na kikomo: acha kuongeza feni. Hapo ni kupoza, na wakati mtambo unajengwa, mfuatano wa uchimbaji ubadilishwe ili sehemu chache zifunguliwe kwa pamoja. Usiruhusu mpango wa tani utangulie tarehe ya mtambo kuwashwa. Tarehe hizo huteleza, na mpango wa tani hautelezi nazo.

Joto linakuja miezi michache ya mwaka tu: mtambo wa kukodi pamoja na kupanga maeneo kwa msimu. Kununua mtambo wa kudumu kwa ajili ya miezi mitatu kunahitaji hesabu ya wazi ya tani unazookoa.

Mgodi mpya ambao bado ni mchoro: uamuzi wa umeme au dizeli ufanywe kabla ya kipenyo cha shafti kuamuliwa, maana kipenyo hicho utaishi nacho maisha yote ya mgodi.

Mgodi uliobakiza miaka miwili mitatu: ratiba, vipozaji vidogo karibu na kazi, na kuacha mbale ya kona za moto kabisa. Kuna mbale isiyolipa gharama ya kuipoza, na mhandisi asione aibu kuiandika hivyo.

Wachimbaji wadogo wenye feni moja na jenereta: njia mbili za kuingilia na kutokea ili hewa izunguke, zamu fupi za kupokezana, hakuna anayeshuka peke yake, na kipimajoto chenye kitambaa kibichi kining'inie pale mtu anapochimba, siyo mdomoni mwa shimo.

Na kama unasoma haya kwa sababu jana mtu alianguka, tofauti za njia zisubiri. Leo hakikisha kila zamu inajua kwamba mtu anayeanza kuropoka, kupepesuka au kukasirika bila sababu katikati ya joto anahesabiwa ana kiharusi cha joto hata kama bado anatoka jasho. Avuliwe mavazi mazito, amwagiwe maji baridi au azamishwe ndani yake pale pale penye hewa, apepewe, huku mtu mwingine akiita uokoaji. Kumpoza kunaanza hapo alipo, kisha ndipo safari ya kwenda juu.